Kutoka ngazi hadi mkaratusi: historia ya mafuta ya dawa katika nyumba za Kivu

Katika masoko ya Goma, Bukavu na Uvira, chupa ndogo za mafuta yenye harufu zinauzwa kando ya sabuni, chumvi na unga wa muhogo. Nyingine zimetoka kiwandani, nyingine zimechanganywa nyumbani na akina mama: majani ya mkaratusi, mchaichai, maganda ya limau, yote ndani ya mafuta ya mawese au ya avoka. Watu wanayapaka kifuani wakati wa mafua, mgongoni baada ya kubeba mzigo, na miguuni jioni ili mbu wasikaribie. Tangu vita viwatoe watu wengi vijijini, familia nyingi za wahami zinategemea chupa hizo kwa sababu pesa ya dawa ya famasi haipatikani kila siku.

Kazi hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Anayeijua historia hiyo anatambua pia mafuta gani yanasaidia, na yapi yanaweza kumdhuru mtoto.

Kwanza ni lazima kutofautisha mafuta ya aina mbili. Mafuta mazito, kama mawese, avoka, alizeti au mbarika, hukamuliwa kutoka tunda au mbegu, na ukidondosha tone kwenye karatasi, doa linabaki. Mafuta ya harufu ni kitu kingine. Hayo ndiyo roho ya jani: ni mepesi, huruka hewani, na doa lake hupotea. Mababu wa Kivu walijua vizuri mafuta ya aina ya kwanza. Yale ya pili, yaliyokamuliwa peke yake na kuwekwa kwenye chupa, yalifika baadaye.

Mchikichi ni mti wa asili wa Afrika ya magharibi na ya kati. Kabla Mzungu hajafika, watu wa sehemu za joto za Kongo walichemsha ngazi na kuzitwanga ili kupata mafuta mekundu ya chakula. Kokwa zake walizivunja na kuzikaanga, wakapata mafuta ya kupaka watoto ngozini na kwenye nywele. Juu milimani, ambako mchikichi hausitawi kwa sababu ya baridi, wafugaji wa Maziwa Makuu walitumia siagi ya ng'ombe. Siagi hiyo haikupakwa hivi hivi: iliwekwa juu ya moshi wa majani na mizizi yenye harufu hadi ikanukia. Huo ni mchanganyiko wa kweli. Mafuta mazito yalibeba harufu ya mmea na kuifikisha kwenye ngozi. Akina mama wanaotengeneza mafuta leo wanafuata njia ileile, ingawa chombo kimebadilika.

Katika karne ya 19 njia za misafara kutoka pwani zilifika Maniema. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walijenga vituo vyao Nyangwe na Kasongo. Walileta lugha ya Kiswahili, mpunga, maembe, na miti ya jamii ya ndimu na limau. Pamoja na hayo yalikuja maneno ambayo bado yanatumika katika kila nyumba: dawa na marashi yote mawili yana asili ya Kiarabu. Lakini misafara hiyo ilibeba pia pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1871, mwezi wa Julai, David Livingstone aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi kwenye soko la Nyangwe, wengi wao wakiwa wanawake waliokuja kuuza vyakula. Mti wa limau ulio nyuma ya nyumba ulifika kwa njia ambayo ilikuwa na damu.

Kisha ikaja Bula Matari. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilifanya mkataba na mfanyabiashara Mwingereza William Lever, mwenye viwanda vya sabuni. Alipewa haki juu ya maeneo makubwa ya michikichi, na kampuni yake, Huileries du Congo Belge, ilijenga kituo kilichoitwa Leverville, leo Lusanga, kando ya mto Kwilu. Wanaume walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu ya ngazi kwa malipo madogo, huku kodi ikiwasubiri. Mwaka 1931, bei iliposhuka na kodi ikabaki, Wapende wa Kwango waliasi, na jeshi la mkoloni likawaua mamia. Mafuta yale yale ambayo mama wa Kikongo alikuwa akiyapika kwa ajili ya mtoto wake yalisafirishwa Ulaya, yakageuzwa sabuni, na yakarudi kuuzwa dukani.

Mkaratusi nao ni mgeni. Asili yake ni Australia. Huko, mwaka 1852, mtengeneza dawa Joseph Bosisto alianza kuchemsha majani yake kwa wingi na kuuza mafuta yaliyotoka. Kwa njia hiyo mvuke wa maji hupita katikati ya majani na kubeba harufu yake. Ukipozwa, unarudi kuwa maji, na mafuta yanaelea juu. Wakoloni na wamisionari waliupanda mti huo katika eneo la Maziwa Makuu kwa sababu unakua haraka na unatoa kuni na mbao. Wanakijiji waliongeza kazi nyingine wao wenyewe: majani yake yaliingia kwenye chungu cha kujifukiza, pamoja na majani ya zamani ambayo kila ukoo uliyajua.

Mmea mwingine wa kigeni unatoa somo muhimu zaidi. Mkina, mti wa milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, ulipandwa Kivu wakati wa Wabelgiji, na Bukavu ikawa mji wa kinini. Kwa miaka mingi watu wa Ulaya walikunywa unga wa ganda la mti huo bila kujua kiasi: ganda moja lilikuwa na nguvu, lingine halikuwa na kitu. Mwaka 1820 wataalamu wawili Wafaransa, Pelletier na Caventou, walitoa kinini chenyewe ndani ya ganda. Kuanzia hapo kiasi kiliweza kupimwa. Mti haukubadilika, ila sasa mganga alijua anampa mgonjwa nini. Kinini kidogo hakiponyi malaria, na kinini kingi kinaweza kuziba masikio na kuharibu moyo.

Elimu ya mimea haikuachwa kwa Wazungu peke yao. Kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro, karibu na Bukavu, kilichozaliwa kutoka taasisi ya IRSAC iliyoanzishwa mwaka 1947, watafiti Wakongomani waliendelea baada ya uhuru kukusanya mimea ya dawa ya milima hii na kuandika matumizi yake. Kazi hiyo inaonyesha kwamba maarifa ya bibi kizee na vipimo vya maabara si maadui.

Jina ambalo dunia inatumia kwa tiba ya mafuta ya harufu lilitoka Ufaransa. René-Maurice Gattefossé, mkemia wa Lyon ambaye familia yake ilitengeneza marashi, aliungua mikono katika maabara mwaka 1910 na akatumia mafuta ya lavanda kwenye vidonda vyake. Mwaka 1937 alitoa kitabu chenye jina la Aromathérapie. Tangu hapo biashara imekua sana, na kwenye simu za Goma leo yanapita matangazo yanayoahidi kwamba tone moja linaponya sukari, presha na kansa. Hakuna mafuta ya harufu yaliyothibitishwa kuponya magonjwa hayo.

Mwaka 2020, Korona ilipoenea, kujifukiza kulirudi kwa nguvu, Tanzania na Kongo pia. Familia zilichemsha mkaratusi, mchaichai, tangawizi na limau, zikajifunika blanketi. Mvuke uliwapa wengi nafuu ya pua iliyoziba, lakini haukuua virusi. Na hatari yake inajulikana: sufuria ikipinduka chini ya blanketi, mtoto anaungua usoni na kifuani.

Kwa familia ya wahami, historia hii si hadithi ya zamani. Dawa ya nyumbani inategemea bustani, na bustani imebaki kijijini. Mama aliyekuwa akichuma majani nyuma ya jiko sasa anaishi ndani ya hema juu ya mawe ya volkano au katika nyumba ya ndugu. Anapewa majani na mtu asiyemfahamu, na mimea miwili inaweza kufanana huku mmoja ukiwa na sumu. Kuni nazo ni shida. Sehemu kubwa ya makala ya Goma hutoka maeneo ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, na wanawake wanaokwenda kutafuta kuni huko hukutana na watu wenye silaha. Kuchemsha mafuta ya harufu kwa mvuke kunakula moto mwingi: kilo 100 za majani ya mkaratusi hutoa kama kilo 1 hadi 2 tu za mafuta. Nyumba ya wahami haiwezi kubeba gharama hiyo.

Njia ya mababu, ya kuloweka majani ndani ya mafuta mazito, ndiyo inayofaa zaidi. Majani yanayojulikana vizuri, kama mchaichai au mkaratusi, huoshwa na kukaushwa kivulini hadi yavunjike mkononi, kwa sababu maji yakibaki mafuta yataoza. Huwekwa kwenye chupa ya kioo safi na kavu, kisha humwagiwa mafuta ya avoka, ya alizeti au ya kokwa za ngazi hadi yafunikwe kabisa. Chupa huachwa mahali penye joto kwa wiki mbili au tatu, ikitikiswa kila siku, bila kutumia hata kipande cha kala. Baadaye mafuta huchujwa kwa kitambaa safi na kuwekwa mbali na jua. Yakibadilika harufu au kuota ukungu, hutupwa. Kabla ya kupaka mwili wote, tone moja hujaribiwa ndani ya kiwiko na kusubiriwa siku nzima.

Yale ya dukani, yaliyokamuliwa kwa mvuke, yana nguvu nyingi na hayapakwi peke yake. Kwa mtu mzima, matone 10 hadi 12 ndani ya vijiko viwili vikubwa vya mafuta mazito yanatosha. Hayanywewi. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa na mtoto, hata kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumletea degedege na kumzuia kupumua. Hayapakwi usoni au puani kwa mtoto mchanga, wala kwenye kitovu chake, wala kwenye kidonda. Mama mjamzito aulize kwanza kwenye kituo cha afya. Ndani ya hema chupa hiyo iwekwe juu na ifungwe, kwa maana mtoto huiona kama soda.

Kuna magonjwa ambayo hayasubiri mafuta. Homa ya mtoto Kivu inaweza kuwa malaria, na kipimo chake ni tone la damu kwenye kituo cha afya, si harufu. Kuhara kama maji kunaweza kuwa kolera, ugonjwa uliowaua maelfu ya wakimbizi Goma mwaka 1994 ndani ya wiki chache. Dawa yake ya kwanza ni maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, na safari ya haraka kwa muuguzi. Mtoto anayepumua mbio huku mbavu zikiingia ndani haponi kwa kupakwa kifua.

Mafuta ya nyumbani yana nafasi yake: kulainisha ngozi, kupunguza maumivu ya mgongo uliochoka, kufungua pua, kumpa mgonjwa mikono ya mama yake. Mche wa mchaichai hupandika hata ndani ya bidoni iliyokatwa, na mama aliyehamishwa anaweza kuondoka nao mkononi siku ya kurudi nyumbani.