Nani Atazame Kwanza? Kony 2012 na Hesabu za Asasi Mitandaoni

Miongozo mingi ya mawasiliano wanayopewa watendaji wa asasi huanza na dai lilelile: tafuta watazamaji wengi, mengine yatafuata. Ni asasi chache zilizolitimiza dai hilo kama Invisible Children ya Marekani. Video yake ya dakika 30, Kony 2012, iliyomhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi walioendesha vita kaskazini mwa Uganda, ilipandishwa mtandaoni tarehe 5 Machi 2012, na ndani ya wiki moja ikatazamwa mara milioni 100. Usiku wa 20 Aprili, mashabiki walipotakiwa kuingia mitaani kubandika mabango, miji mingi ilipata watu wa kuhesabika.

Kwamba mitandao ya kijamii huvuta watu upesi, hilo halina ubishi. Ubishi ni kwa nini watu hao hawakai. Mwandishi Malcolm Gladwell alishadai mwaka 2010 kwamba mitandao imejengwa juu ya mahusiano mepesi, yasiyomsukuma mtu kujitoa mhanga. Hoja hii imerudiwa mno, nami naona inapotosha, maana inamlaumu anayebonyeza na kumwacha huru aliyetunga ujumbe. Kenyans for Kenya, mchango ulioanzishwa Julai 2011 kwa ajili ya wenye njaa wa Turkana na kwingineko, ulitegemea wabonyezaji wa aina hiyohiyo, na ukavuka lengo la shilingi milioni 500. Lakini aliyetuma kwa M-Pesa alimchangia raia mwenzake, na magazeti ya nyumbani yangeweza kwenda kuuliza kama unga umefika.

Ushahidi mzito zaidi uko Lira, kaskazini mwa Uganda. Tarehe 13 Machi 2012 AYINET, asasi ya wenyeji, iliweka kiwambo uwanjani kuonyesha video hiyo, na maelfu wakaja. Wengi walikuwa wameonja vita vile wenyewe, na walitarajia kujiona. Walichokiona ni mtengenezaji filamu na mwanawe mdogo wa Kimarekani, kisha fulana na bangili zenye jina la Kony. Kwa aliyeuliwa ndugu, fulana hiyo ni kumtukuza muuaji. Manung'uniko yakageuka mawe, na maonyesho yaliyopangwa kwingine yakasitishwa. Siku chache kabla, mwandishi wa habari Rosebell Kagumire alikuwa amejirekodi akipinga vita virefu kufanywa habari ya mtu mmoja. Aliitumia YouTube ileile. Chombo, basi, hakikuwa na kosa.

Watetezi wa Invisible Children hutaja redio za upepo ilizosaidia kufunga vijijini kaskazini mashariki mwa Kongo, ili wanakijiji watoe taarifa za mashambulizi ya waasi wa Kony. Ni kweli, na kazi ile ilikuwa na manufaa. Lakini inaunga mkono hoja yangu: kwenye redio aliyesema ni mwanakijiji, asasi ikasikiliza.

Pengine kisa kimoja hakitoshi kuwa kanuni. Hata hivyo, napendekeza wafadhili waache kudai idadi ya watazamaji katika ripoti za robo mwaka, wadai badala yake tarehe ambayo wahusika walioneshwa ujumbe kabla haujarushwa, na mabadiliko waliyoyaagiza.