Pombe, Vidonge na Bangi: Sheria Zilitoka Wapi?

(Muziki wa kufungua. Unashuka polepole.)

  Wewe unayesoma karatasi hii kwa sababu betri ya redio imeisha, au ulikuwa kwenye foleni ya maji wakati kipindi kikiwa hewani, karibu.

Leo tuna historia. Kuna maneno matatu yanayozunguka hapa kambini. La kwanza: "Gongo ni pombe yetu, mzungu ndiye aliyeipiga marufuku." La pili: "Kidonge kimetoka hospitali, hakiwezi kuwa kibaya." La tatu: "Bangi imeshafunguliwa na Umoja wa Mataifa." Kila neno lina ukweli kidogo ndani yake. Lakini ukweli nusu umewafikisha watu mahabusu, na wengine umewafikisha makaburini. Tuyachukue moja moja.

Tuanze na gongo. Wengine tunaiita kanyanga, wengine lutuku, Kenya wanasema chang'aa, Uganda waragi.

Babu na bibi zetu walikunywa pombe tangu zamani. Warundi wana urwagwa wa ndizi, na kote katika nchi zetu kuna pombe za mtama na ulezi. Hizi ni pombe za kuchachusha. Zilinywewa kwenye mahari, msiba na mavuno, na zilikuwa hazikai siku nyingi bila kuharibika. Gongo ni kitu kingine. Pombe huchemshwa, mvuke wake hupitishwa kwenye bomba na kupozwa, na kinachodondoka ni kikali mara nyingi zaidi. Upishi huu ulienea katika nchi zetu zama za ukoloni.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, Ubelgiji, kuzungumzia biashara ya watumwa. Katika mkataba wao waliweka pia masharti juu ya bunduki na pombe kali. Walichora ukanda kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Burundi, Kongo, Rwanda, Uganda, Kenya na Tanzania zote zimo ndani. Mwaka 1919, katika mkataba mwingine wa Saint-Germain huko Ufaransa, walipiga marufuku kupika pombe kali karibu Afrika nzima. Lakini Mzungu aliyeishi koloni aliendelea kunywa wiski yake klabuni. Marufuku ilimhusu mwenyeji.

Kwa hiyo anayesema mzungu ndiye aliyepiga marufuku hajadanganya. Ila historia haikuishia hapo. Bendera zilipobadilika, serikali zetu wenyewe zilitunga sheria zao. Uganda ilifanya hivyo mwaka 1965: apikaye awe na leseni na auzie kiwanda cha serikali. Tanzania ilitunga sheria ya "moshi", jina jingine la gongo, mwaka 1966. Kenya ilikataza chang'aa kabisa mwaka 1980.

Sasa sikiliza kilichotokea Nairobi, Novemba 2000, katika mitaa ya watu maskini. Watu walikunywa pombe ya bei nafuu, zaidi ya 100 wakafa, na wengine wakapofuka. Ndani ya pombe ile kulikuwa na methanoli, kemikali ya viwandani. Mwaka 2010 msiba kama huo ulifika Kabale, Uganda, ukaua makumi ya watu.

Methanoli haina rangi. Huwezi kuitambua kwa harufu, kwa ladha, wala kwa kuiwasha moto, hata kama mpishi wako anakuapia. Mwilini hugeuka asidi inayoshambulia neva za macho. Mtu anaweza kulala vizuri, kesho yake akaamka anaona ukungu, tumbo linauma, anahema kwa nguvu. Huyo hapaswi kupewa maziwa na kuambiwa apumzike. Akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, maana tiba ipo akiwahi.

Na tuseme ukweli wote: msiba wa Nairobi ulitokea wakati chang'aa ilikuwa marufuku kwa miaka 20. Marufuku haikuwaokoa wale watu. Pombe inayopikwa kwa kujificha haina mtu wa kuipima. Ndiyo maana mwaka 2010 Kenya ilibadili sheria, ikaruhusu chang'aa yenye leseni, kwenye chupa, yenye maandishi ya kiwango chake. Tanzania nayo, tarehe 1 Machi 2017, iliziondoa sokoni pombe za viroba, ingawa zilitoka viwandani na zililipiwa kodi, kwa sababu hata mtoto wa shule aliweza kuzinunua na kuzificha mfukoni.

Mama anayepika gongo nyuma ya nyumba mara nyingi anatafuta sabuni na daftari la mtoto. Tunalijua hilo, wala hatumcheki. Lakini ajue kwamba polisi akija hatauliza kuhusu sabuni.

(Muziki mfupi.)

Neno la pili: kidonge cha hospitali.

Vidonge vya usingizi vina zaidi ya miaka 100. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ujerumani ilitoa dawa iliyoitwa Veronal, na mwaka 1912 ikatoka fenobabitali, ambayo hadi leo wagonjwa wengi wa kifafa wanaipata kliniki. Madaktari waligundua kwamba kati ya dozi inayotibu na dozi inayoua hapakuwa na nafasi kubwa. Mwaka 1963 kampuni ya Roche ilileta Valium, yaani diazepamu. Ilionekana salama zaidi, na Marekani ikawa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi na madaktari. Baadaye ikaonekana kwamba watu wengi hawawezi tena kuiacha.

Mwaka 1971 mataifa yalitia saini mkataba Vienna wa kudhibiti dawa za namna hii, na mwaka 1984 diazepamu na ndugu zake wengi waliingizwa humo. Ndiyo sababu hazipaswi kuuzwa bila cheti cha daktari. Kidonge kimoja kinachouzwa sokoni kando ya betri na sigara kiko nje ya sheria, hata kama kiwandani kilitoka kihalali.

Jambo moja nakuomba ulishike, hata ukisahau miaka yote niliyotaja. Pombe hupunguza kasi ya ubongo, na kidonge cha usingizi hufanya hivyo hivyo. Ukiviweka pamoja, ubongo unaweza kusahau kupumua. Mtu anakoroma, watu wanasema amelala, kumbe anaondoka. Ukimkuta hivyo, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo, usimwache peke yake, tuma mtu akaite msaada. Na wewe uliyezoea vidonge kila siku, usiache ghafla, kwa maana unaweza kupata degedege. Nenda kliniki wakupunguzie taratibu. Mgonjwa wa kifafa, usimpe wala usimuuzie jirani dawa yako.

(Muziki mfupi.)

Neno la tatu: bangi.

Jani hili lilivuka Bahari ya Hindi kutoka Asia karne nyingi zilizopita, na jina lake lina asili ya Kihindi. Ndugu zetu kutoka Kasai wanajua habari za Bena Riamba. Wajerumani Pogge na Wissmann walipofika kwao mwaka 1881, walikuta watu chini ya chifu Kalamba Mukenge waliofanya bangi kuwa alama ya amani na udugu. Hapakuwa na sheria ya dunia juu yake. Ilikuja mwaka 1925, pale Misri ilipoomba mkutanoni Geneva kwamba bangi iwekwe pamoja na kasumba. Mkataba wa mwaka 1961 ukaiweka katika orodha mbili, ya kwanza na ya nne. Ya nne ndiyo ya dawa zilizoonekana hatari kabisa.

Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura, 27 dhidi ya 25, ikaitoa bangi katika orodha ya nne ili kurahisisha utafiti wa tiba. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Lakini ilibaki orodha ya kwanza, na hakuna nchi iliyolazimishwa kuiruhusu. Hapa Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 2015, kuilima, kuiuza, kuibeba na kuivuta ni makosa. Mirungi pia. Kenya mirungi inauzwa mchana kweupe. Ukivuka nayo mpaka kuja huku, umekuwa mhalifu. Na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika ibara ya 2, unasema mkimbizi afuate sheria za nchi inayompokea. Kadi yako ya mkimbizi haikutoi katika sheria hiyo.

Kuhusu mwili, bangi hupunguza kumbukumbu na umakini, hasa kwa kijana ambaye ubongo bado unakua. Anayeanza mapema na kuvuta sana hujiongezea hatari ya kusikia sauti zisizokuwepo na kuhisi anawindwa. Kwa mtu aliyekimbia vita, huko ni kurudishwa kule kule alikotoka.

Ndugu msikilizaji, sheria hizi ziliandikwa na wakoloni, na wabunge, na wajumbe wa mikutano ya mbali. Zimebadilika, na zitabadilika tena. Kwa hiyo usipime hatari kwa sheria peke yake: Valium ni halali na inaua ikichanganywa na pombe. Wala usipime sheria ya hapa kwa habari ya kule.

Ikiwa unakunywa au unameza ili upate usingizi, kwa sababu ya yale uliyoyaona njiani, hauko peke yako. Kliniki kuna wahudumu wa afya ya akili. Waambie, "Silali." Neno hilo linatosha kuanza.

Tukutane kipindi kijacho. Usiku mwema.

(Muziki wa kufunga.)