Busu Lakatwa, Risasi Yapita

Udhibiti wa filamu, yaani mamlaka ambayo dola hujitwalia ya kutazama picha kabla ya raia na kuamua ipi ionyeshwe, ipi ikatwe na ipi ifungiwe kabisa, uliwekewa sheria nchini Kenya tangu mwaka 1912, ilipopitishwa Sheria ya Michezo ya Jukwaani na Maonyesho ya Sinema, wakati ambapo Watamu ilikuwa kijiji cha wavuvi kati ya hori ya Mida na bahari kuu. Zaidi ya karne moja imepita, watawala wamebadilika, sheria imeandikwa upya, na mkanda wa filamu umegeuka kaseti, kisha diski, kisha simu ya mkononi. Lakini tabia moja ya udhibiti huo haikubadilika, nayo ni kwamba mwili wa binadamu ukivuliwa nguo huzua kelele, na ukitobolewa kwa risasi hupita kimya. Mwambao wa Malindi na Kilifi unafaa kuifuatilia historia hiyo, kwa sababu yote mawili, tamaa na mauaji, yameacha alama zake hapa hata nje ya skrini.

Wadhibiti wa kikoloni hawakuficha walichokiogopa. Filamu zilizotoka Marekani na Uingereza zilipimwa kwa kuangalia ni nani atakayeketi ukumbini, na baadhi ziliruhusiwa kwa Wazungu huku Waafrika wakikatazwa kuziona, kwa hoja kwamba mtazamaji Mwafrika, kama mtoto, hangeweza kutenganisha mchezo na maisha. Lililowatia wasiwasi zaidi ni mwanamke wa Kizungu anayebusiwa au aliyevaa nguo za kuogelea, kwa kuwa heshima ya utawala ilidhaniwa kukaa katika mwili wake. Lililofuata ni jambazi anayemshinda askari. Filamu za wapanda farasi wenye kofia pana na bastola kiunoni zilinung'unikiwa sana, lakini ziliendelea kuonyeshwa na kupendwa katika makoloni mengi ya Uingereza.

Katika miaka hiyohiyo wanawake wa Kigiriama waliovaa hando, yaani sketi fupi ya kitambaa chenye mikunjo mingi, bila vazi la kifuani, walipigwa picha zilizouzwa kama kadi za posta, nazo zilihesabiwa kuwa elimu ya makabila wala si uchafu. Jarida la National Geographic la Marekani lilikuwa limeianza desturi hiyo mwaka 1896 kwa picha ya bibi harusi wa Kizulu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Isitoshe, hali ya vita halisi ilikuwa karibu: mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama kwa kucheza kifudu, ngoma ya matangani, akiwahimiza wakatae kodi na kazi ya lazima, na mwaka 1914 serikali iliilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao yao matakatifu. Utawala uliokuwa na sheria ya kulinda adabu za watazamaji ukumbini haukuona shida kulipua mahali pa ibada pa watu haohao.

Vipimo hivyo vilikuwa na asili yake ng'ambo. Bodi ya udhibiti ya Uingereza ilianzishwa mwaka huohuo wa 1912, na mwaka 1916 rais wake, T. P. O'Connor, aliorodhesha sababu 43 za kukata filamu. Haki inadai isemwe kwamba orodha hiyo haikuusahau ukatili, kwa kuwa ilitaja mauaji ya kutisha na maovu ya vita; lakini maovu ya vita yalikatazwa wakati Uingereza ikihitaji vijana wa kupeleka vitani, na kando yake palikuwa na katazo la kuonyesha maafisa wa Kiingereza wa India kwa sura mbaya, jambo linaloonyesha ni nani hasa aliyekuwa akilindwa. Huko Marekani, kanuni iliyoanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934 iliwalaza mume na mke katika vitanda viwili tofauti na kuwaachia wenye bunduki uwanja mpana, kwa sharti tu kwamba mwovu ashindwe mwishoni. Ilipofutwa mwaka 1968, yaliwekwa madaraja ya umri, na mazoea ya jicho yakabaki yaleyale.

Kenya ilirithi mazoea hayo pamoja na karatasi zake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa mwaka 1962 na ambayo ndiyo msingi wa bodi inayojulikana sasa kama Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya (uainishaji ni kuipanga filamu katika daraja la umri wa mtazamaji), inaizuia bodi kuidhinisha filamu ambayo kwa maoni yake inaelekea kuvuruga utulivu wa umma, kukiuka adabu, au kwa sababu nyingine yoyote haina manufaa kwa umma. Mtu akiyapima maneno hayo ataona chanzo cha undumakuwili wote uliofuata. Mapenzi huingia moja kwa moja katika mlango wa adabu. Ukatili hauna mlango wake: ukiwa dhidi ya serikali huitwa uvurugaji wa utulivu, lakini ukiwa ni burudani tu, watu hamsini wakifyekwa katika dakika tisini, hauvurugi utulivu wa mtu na wala haumwonyeshi mtu uchi, hivyo hauna pa kukamatiwa. Ndiyo maana mwaka 1977 tamthilia ya Kigikuyu ya Ngaahika Ndeenda, isiyo na uchi wala umwagaji damu wa kustaajabisha, ilinyang'anywa kibali baada ya wiki chache za maonyesho Kamirithu, na mmoja wa waandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, akawekwa kizuizini.

Jambo la kusikitisha ni kwamba lugha ya pwani ilikuwa na kipimo bora kuliko hicho. Kusitiri, kwa Kiswahili, ni kuufunika mwili wa aliye hai usionekane uchi, na ni neno hilohilo linalotumika kwa kuzika maiti. Stara hudaiwa na mwili ulio hai na ulio mfu kwa uzito mmoja, na mtu wa Watamu anayeinamisha macho mbele ya mgeni aliyevaa vipande viwili vya nguo ufukweni ndiye pia anayeona vibaya maiti kuachwa wazi mbele ya watu. Sheria ya kigeni iliigawa stara hiyo katikati, ikachukua nusu ya kwanza na kuitupa ya pili.

Nusu ile ya pili iliporudi, ilirudishwa na raia wenyewe. Baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya maiti za waliouawa wakiwa bado vitini mwao, na Wakenya kwa maelfu mitandaoni, wakiungwa mkono na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, walidai iondolewe. Gazeti lilikataa.

Burudani ya vijijini ilikuwa na njia zake. Filamu za Kihindi, ambazo kwa miongo mingi ziliondoa busu na kuweka maua mawili yanayogusana, zilipendwa pwani nzima kwa sababu familia ingeweza kuketi pamoja bila mtu kukohoa kwa aibu. Na katika vibanda vya video, yaani vyumba vidogo vyenye runinga, viti vya mbao na kiingilio cha sarafu chache, watoto walijifunza kuwa "staringi" hafi hadi mwisho na kuwa maadui wapo ili wafe. DJ Afro, anayezitafsiri filamu za mapigano kwa sauti yake ya Kiswahili cha mitaani, aliifanya kila risasi iwe kichekesho. Ni vigumu kumlaumu, kwa kuwa anachekesha kweli. Lakini ni vigumu pia kumwazia akifanya hivyo juu ya filamu ya mapenzi bila mwenye kibanda kupata mgeni mwenye sare.

Wataliano waliofanya Malindi na Watamu kuwa nyumbani kwao walitoka katika nchi yenye kioja kama hicho. Filamu ya Django ya Sergio Corbucci, ya mwaka 1966, ambayo shujaa wake huburuta jeneza lenye bunduki ya rashasha, ilinyimwa kibali Uingereza hadi mwaka 1993, lakini ilipendwa sana katika kumbi za Afrika Mashariki. Nayo mahakama ya juu ya Italia, mwaka 1976, iliamuru nakala za Last Tango in Paris ya Bernardo Bertolucci ziharibiwe, na mwongozaji huyo akapewa kifungo cha miezi minne kilichoahirishwa na kupoteza haki zake za kiraia kwa miaka mitano. Italia iliufuta udhibiti huo mwaka 2021.

Nchini Kenya mambo yalielekea kwingine. Mwaka 2014 bodi iliifungia The Wolf of Wall Street, na mwaka 2015 Fifty Shades of Grey. Mwaka 2016 ilidai busu la sekunde chache liondolewe katika tangazo la soda, na mwaka 2017 ikataka katuni sita ziondolewe hewani kwa madai ya kueneza mapenzi ya jinsia moja, huku paka na panya wakiendelea kupondana kwa nyundo mbele ya watoto walewale. Ni kweli kwamba mwaka 2019 wimbo Takataka wa Alvindo ulizuiwa kwa kumdhalilisha mwanamke na kushabikia kumuumiza, na uamuzi huo ulionyesha kwamba bodi, ikitaka, inaweza kuuona ukatili. Ulikuwa wa nadra.

Kesi iliyoliweka wazi jambo hili ni ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, iliyokuwa ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Bodi iliifungia Aprili 2018. Ndani ya filamu hiyo kundi la watu linawapiga wasichana hao kikatili, na kama ingekuwa filamu nyingine mtu angetarajia mjadala kuhusu kipigo hicho. Lakini, kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe, kwa kuwa haukuonyesha majuto ya kutosha. Kipigo kilikubalika, tumaini likakataliwa. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliondoa marufuku kwa siku saba, na kumbi zikajaa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliikubali tena marufuku hiyo. Jambo la ajabu ni kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 33, inapoorodhesha mipaka ya uhuru wa kujieleza, inataja propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki, wala haitaji adabu: Katiba iligeuza mizani juu chini, na bodi ikaendelea kupima kwa ile ya mwaka 1962.

Nje ya skrini, utafiti wa UNICEF na serikali uliotolewa Desemba 2006 ulikadiria kwamba kati ya wasichana 10,000 na 15,000 katika maeneo ya Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani walikuwa wakiuza miili yao mara mojamoja, na wateja wao wakiwa wageni na wenyeji. Wakati huo nguvu za utawala wa Kilifi zilielekezwa mara nyingi kwenye disko matanga, yaani muziki wa usiku unaopigwa ili kuchangisha fedha za mazishi, uliopigwa marufuku tena na tena kwa hofu ya mimba za wasichana. Mrithi wa kifudu akawa mshtakiwa, na watalii wakaendelea kupokewa.

Halafu likaja janga la msitu wa Shakahola. Mhubiri Paul Mackenzie, aliyeanzia kanisa lake Malindi na kusambaza mahubiri ya nyakati za mwisho kwa runinga yake na mtandaoni, alikamatwa Aprili 2023, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa katika msitu huo, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa. Yeye amekana mashtaka ya mauaji. Hukumu ya kwanza aliyopewa baada ya kukamatwa huko ilitokana na sheria ya filamu, katika kesi iliyokuwa imefunguliwa mwaka 2019, miaka minne kabla ya makaburi kupatikana. Novemba 2023 mahakama ya Malindi ilimwachilia katika mashtaka ya kuchochea chuki dhidi ya dini nyingine na ya kuwachochea watoto wasiende shule. Ilimtia hatiani kwa kuendesha studio na kuonyesha filamu bila kibali cha bodi, na tarehe 1 Desemba ikampa kifungo cha miezi 12.