Utando wa mwani kwenye kioo cha tangi la matumbawe

Utando wa mwani ni tabaka jembamba la viumbe wadogo wanaofanya usanisinuru, ambalo hutanda juu ya kioo cha tangi la samaki. Katika tangi jipya la maji ya bahari lenye matumbawe, utando huo huonekana kwa kawaida katika wiki chache za kwanza. Mara nyingi huanza na rangi ya kahawia na baadaye huwa wa kijani. Si ugonjwa, na katika tangi changa ni vigumu kuuzuia kabisa. Madhara makubwa hutokana zaidi na namna unavyoondolewa: sabuni, dawa za kuua mwani na dawa zenye shaba zinaweza kuua konokono, matumbawe na bakteria ambao tangi zima huwategemea.

Katika maeneo ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, kama vile Kariakoo, Gerezani, Upanga na Kisutu, wingi wa utando hutegemea hasa mambo matatu: chanzo cha maji, joto, na mahali tangi lilipowekwa ndani ya nyumba.

Sababu

Mwani huhitaji mwanga na virutubisho, hasa nitrojeni na fosforasi. Diatomi, ambazo ndizo chanzo cha utando wa kahawia, huhitaji pia silika ili kujenga maganda yao yanayofanana na kioo. Silika huingia pamoja na maji, na kwa kiasi fulani inaweza kutoka kwenye mchanga.

Tangi jipya lina virutubisho, lakini halina viumbe wa kutosha wa kuvitumia. Mawe na mchanga bado ni vitupu, na wanyama wanaokula mwani ni wachache au hawapo. Wakati huohuo mzunguko wa nitrojeni haujakamilika. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi lingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Bakteria hao hukua polepole, na mara nyingi huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Nitrati haina sumu kali kama amonia, lakini ni mbolea ya mwani.

Kwa sababu hiyo utando wa wiki za kwanza ni dalili ya tangi linalokomaa. Utando wa kahawia huweza kupungua wenyewe silika inapokwisha, ikiwa maji yanayoongezwa hayaleti silika nyingine.

Aina na namna ya kuzitambua

Rangi na mguso wa utando husaidia kujua chanzo chake:

- Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole kwa kawaida ni diatomi.
- Ukungu wa kijani unaorudi siku mbili au tatu baada ya kufutwa ni mwani wa kijani. Huonyesha kwamba kuna mwanga na virutubisho vingi.
- Tabaka laini lenye utelezi, la rangi nyekundu iliyoiva au zambarau, ambalo hubanduka kama ngozi, ni sianobakteria. Mara nyingi hutokea mahali ambapo maji hayatembei vizuri.
- Nyuzi za kahawia zenye mapovu, zinazopungua usiku na kurudi mchana, zinaweza kuwa dinoflagelati. Baadhi yake zina sumu inayoua konokono wanaozila.
- Madoa magumu ya waridi au zambarau ni mwani wa chokaa. Huu huhesabiwa kuwa dalili njema, kwa sababu hukua pale ambapo maji yana kalisi ya kutosha na hali imetulia. Hukwanguliwa kwenye kioo cha mbele tu ili kuona ndani.

Maji katika Dar es Salaam

Maji ya bomba ya katikati ya jiji hutoka hasa katika mto Ruvu na husambazwa na DAWASA baada ya kusafishwa na kutiwa klorini. Klorini huua bakteria wa tangi, hivyo huondolewa kwanza kwa dawa maalumu. Kuchemsha hakuondoi silika, nitrati wala fosfati. Kwa kuwa sehemu ya maji hugeuka mvuke, vitu hivyo hubaki vikiwa vimekolea zaidi. Njia ya uhakika ni kuchuja maji kwa osmosisi ya kinyume, kisha kuyatia chumvi maalumu ya bahari. Chumvi ya mezani haifai, kwani haina uwiano wa madini unaohitajiwa na matumbawe.

Maji ya visima vya mjini mara nyingi yana chumvi na yanaweza kuwa na nitrati kutoka mashimo ya vyoo, kwa hiyo hayafai bila kupimwa. Maji yanayodondoka kwenye viyoyozi huonekana safi, lakini yanaweza kubeba shaba kutoka kwenye mabomba ya kiyoyozi. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati yanaweza kuwa na zinki.

Wakazi wa pwani wana nafasi nyingine: kutumia maji ya bahari yenyewe. Hata hivyo maji ya ufukweni mwa mji hayafai. Mto Msimbazi hupita bonde la Jangwani, karibu na Kariakoo, na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda ukiwa umebeba taka na majitaka ya mji. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mto huongeza tope na kupunguza chumvi ya maji ya ufukweni. Maji yanayofaa zaidi huchotwa mbali na pwani kwa mashua, maji yakijaa na baada ya siku kadhaa bila mvua. Hubebwa kwa madumu ya plastiki ambayo hayajawahi kuwekwa mafuta wala sabuni, na huchujwa kabla ya kutumika.

Joto na mwanga

Matumbawe mengi ya matangini hutunzwa katika nyuzijoto 24 hadi 27 za Selsiasi na chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Katika nyumba ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi, maji yanaweza kupita nyuzijoto 30 wakati wa kiangazi, hasa taa za tangi zinapowaka. Joto hilo huharakisha ukuaji wa mwani na hudhoofisha matumbawe kwa wakati mmoja.

Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hupunguza joto kwa nyuzi chache kwa njia ya uvukizi. Maji yanayopotea hurudishwa kwa maji baridi yaliyochujwa, si kwa maji ya bahari, kwa sababu chumvi haitoki pamoja na mvuke.

Tangi halipaswi kuwekwa mbele ya dirisha linalopigwa na jua. Karibu na ikweta jua huwaka kwa takriban saa 12 mwaka mzima, na kioo kinachopigwa na jua hufunikwa na kijani haraka. Taa huwashwa kwa saa sita hadi nane kwa siku katika miezi ya kwanza, kwa kutumia swichi ya saa ili muda usibadilikebadilike.

Kusafisha

Kioo hufutwa kabla utando haujakakamaa, mara mbili au tatu kwa wiki. Vifaa rahisi hupatikana katika maduka ya vyombo na vifaa vya umeme ya Kariakoo: sponji ambayo haijatiwa dawa, kadi ngumu ya plastiki, ndoo, mpira wa kunyonyea maji, na wembe kwa madoa magumu. Wembe hutumika kwenye kioo tu, kwani tangi la plastiki hupata michirizi isiyofutika. Haupaswi kugusa silikoni ya pembeni, kwa kuwa mkato mdogo unaweza kuvujisha tangi. Sumaku za kusafishia ni salama ikiwa hakuna chembe ya mchanga iliyonaswa kati ya sumaku na kioo.

Vifaa vya umeme huzimwa na kuchomolewa kabla ya kutia mkono ndani ya maji. Dawa za kupuliza za kusafishia vioo hazitumiwi hata upande wa nje, kwa kuwa mvuke wake huweza kuingia ndani ya tangi.

Kufuta pekee hurudisha virutubisho ndani ya maji. Ndiyo maana kazi hiyo huenda pamoja na kunyonya mabaki yaliyotua chini na kubadilisha takriban asilimia 10 ya maji kila wiki. Chakula hupunguzwa hadi kiasi ambacho samaki humaliza ndani ya dakika mbili au tatu. Kubadilisha maji yote kwa mara moja, au kuosha mawe na machujio kwa maji ya bomba, huua bakteria na kurudisha tangi mwanzo: amonia hupanda, wanyama hufa, na mizoga yao hulisha utando mkubwa zaidi ya ule wa kwanza.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu, maji huacha kuzunguka na oksijeni hupungua. Pampu ya hewa inayotumia betri husaidia kuokoa samaki. Katika hali hiyo samaki hawalishwi mpaka umeme urudi.

Wanyama wanaokula mwani

Konokono wa bahari ndio wasaidizi wa kawaida. Huingizwa baada ya amonia na nitriti kufikia sifuri, na wachache kwa wakati, kwani wengi wakikosa chakula hufa na kuharibu maji. Konokono wa mawe ya ufukweni huweza kupanda hadi nje ya tangi, hivyo kifuniko chenye matundu huhitajika. Konokono aliyeanguka chali hugeuzwa, maana wengine hawawezi kujigeuza.

Miongoni mwa samaki, kangaja na tasi hula mwani miambani, lakini wanahitaji tangi kubwa lililokomaa. Kuwaweka katika tangi dogo jipya ili kusafisha kioo ni kosa: kinyesi chao huongeza nitrati kuliko mwani wanaoula.

Historia

Mmoja wa waanzilishi wa matangi ya matumbawe hai alikuwa Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliyejulikana kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alitumia maji ya bahari, mawe hai yaliyotoka miambani, mapovu ya hewa na mwanga wa jua. Mbinu yake ilionyesha kwamba viumbe walio ndani ya mawe wanaweza kusafisha maji bila mashine nyingi, wakipewa muda wa kutulia.

Uhusiano na miamba ya Dar es Salaam

Mvutano kati ya mwani na matumbawe unaoonekana kwenye kioo hutokea pia baharini. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilisababisha matumbawe mengi ya Tanzania kupauka, na mifupa ya matumbawe yaliyokufa hufunikwa na mwani. Pale ambapo majitaka huongeza virutubisho na samaki wala mwani kama pono na tasi wamevuliwa kupita kiasi, matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika.

Visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari mwaka 1975, na leo husimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kuchukua mawe hai, konokono au matumbawe humo bila kibali ni kosa. Biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu na ya chaza wakubwa hudhibitiwa pia na mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake.

Maji, mwani na wanyama wa tangi havimwagwi baharini wala kwenye mitaro inayoelekea Msimbazi, kwa sababu vinaweza kupeleka magonjwa na spishi ngeni kwenye miamba. Maji yaliyotumika humwagwa kwenye mfumo wa majitaka wa nyumba, na mwani uliokwanguliwa hukaushwa na kutupwa pamoja na taka nyingine.