Mlima Uko Same, Kichwa Kiko Nairobi

Kila nikifungua kitabu kinachogusia reli za Afrika Mashariki, naikuta sentensi ileile: reli ya kwanza ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Nimewasikia hata vijana wa Tanga wakiikariri. Nadhani sababu moja ni vitabu vyenyewe. M. F. Hill aliandika historia ya reli hizi katika juzuu mbili zenye jina Permanent Way. Juzuu ya kwanza, inayohusu Kenya na Uganda, ndiyo iliyonukuliwa na kila mtu. Ya pili, iliyotoka 1957, inahusu reli za Tanganyika, na ni nadra kuiona imetajwa. Aliyeisoma hawezi kuiandika sentensi ile.

Kazi ya reli ilianza Tanga mwaka 1893. Kampuni ya Kijerumani iliyoishika iliishiwa fedha njiani, ikasuasua, hata serikali yao ikalazimika kuichukua mwaka 1899. Lakini Aprili 1896 njia ilikuwa imekwisha kufika Muheza, kilomita 40 kutoka baharini. Kule Mombasa, Reli ya Uganda ilizinduliwa mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Waingereza walipokuwa wanaanza kutandika, abiria wa Tanga alikuwa anashuka Muheza na kapu lake.

Wapo wanaojibu kwamba Mombasa ilikuwa na reli yake tangu 1890. Kweli, Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilitandika reli nyembamba ya maili saba hivi, kisha ikaiacha. Reli isiyofika popote siwezi kuihesabu.

Dai la Unguja ni jingine, nalo linastahili kusikilizwa vizuri zaidi kuliko linavyosikilizwa. Mwaka 1879 Sayyid Barghash alitandika reli ya upana wa futi mbili kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall, Uingereza. Waandishi wengi huipuuza reli hii kwa kusema ilikuwa starehe ya mfalme, haikubeba mzigo wa biashara wala abiria wa kawaida. Sikubaliani nao. Wakati ule Tanga na Pangani zilikuwa na maliwali wa Sayyid, na bendera iliyopepea Chukwani ndiyo iliyopepea Mrima. Mtawala wa pwani hii aliagiza mashine ya mvuke kwa uamuzi wake, kabla mabwana wa Ulaya hawajakaa Berlin kugawana ardhi. Anayetaka kujua ni lini watu wa pwani walianza kuishi na treni, aanzie hapo: Unguja kwanza, Tanga ya pili, Mombasa ya tatu.

Lakini ubishi huu wa nani wa kwanza, ambao naupenda kupita kiasi, unaficha swali zito zaidi. Sayyid Barghash alipofariki mwaka 1888, reli yake iling'olewa na kile kichwa kikaishia kuwa chuma chakavu. Kichwa cha kwanza cha mvuke katika pwani yetu hakikumaliza hata miaka kumi. Tangu siku ile tumekuwa hodari wa kuhifadhi nyumba, na wagumu wa kuhifadhi vyombo.

Historia iliyofuata ya njia ya Tanga inajulikana. Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, Arusha mwishoni mwa miaka ya 1920. Novemba 1914 kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck alishusha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, wakalishinda jeshi la Kihindi na Kiingereza lililoteremka Tanga likiwa na watu wapatao 8,000. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliiunganisha njia hii na Reli ya Kati. Mwanafunzi anayetaka kazi ya maana ningemtuma kwenye matoleo ya Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa Tanga kuanzia 1904, likaendelea kutoka miaka yote ambayo reli ilikuwa ikipanda kuelekea Mombo na Moshi. Historia ya reli hii imeandikwa zaidi kutokana na karatasi za Kijerumani na Kiingereza.

Tazama sasa kilichobaki. Kutoka Tengeni, karibu na Muheza, palikuwa na reli ndogo iliyopanda msituni hadi Sigi, kuelekea Amani. Ilijengwa kati ya 1904 na 1910, na mahali pengine mlima ulikuwa mkali hivi kwamba treni ililazimika kwenda mbele, kusimama, kisha kurudi nyuma ili ipande ngazi nyingine. Reli hiyo haipo tena. Ila nyumba ya stesheni ya Sigi ipo, imekarabatiwa, na leo inapokea wageni wa Hifadhi ya Amani. Ilipona kwa sababu ilipewa kazi mpya. Vivyo hivyo Boma la zamani la Tanga, ambamo sasa kuna Makumbusho ya Urithi. Jengo likipata mpangaji linapata na mtu wa kuziba paa. Kichwa cha treni kikikosa kazi hakipati mpangaji, kinapata mnunuzi wa vyuma.

Nairobi walifanya vingine. Makumbusho ya Reli yalifunguliwa huko mwaka 1971, reli zikiwa bado mali ya Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, na humo vikawekwa vichwa viwili vya aina ya 59. Vichwa 34 vya aina hiyo vilitengenezwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na uzito wa tani 252 hivi, boila moja kubwa ikining'inia kati ya injini mbili. Hakuna vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivyo vilivyowahi kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja, popote duniani. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Namba 5918 ni Mlima Gelai, na mwaka 2001 kiliwashwa tena kikatembea. Namba 5930 ni Mlima Shengena.

Shengena iko Same, kilele kirefu kuliko vyote vya Upare, mita 2,462, upande wa kushoto wa abiria anayeshuka kutoka Moshi kwenda Tanga. Vichwa vile vilijengwa kwa ajili ya njia nzito ya Mombasa na Nairobi, na sidai kwamba kimoja kilistahili kuletwa huku. Ninachosema ni kwamba jina la mlima wetu limehifadhiwa kwenye chuma kule, na mtoto wa Same akitaka kulisoma lazima avuke mpaka.

Nikilizungumza hili hujibiwa kwamba mashine iliyokarabatiwa si ya asili tena: boila mpya, mabomba mapya, mbao mpya, imebaki namba tu. Hoja hii ni ya mtu asiyewahi kukaa karibu na fundi. Waingereza wana basi lao la ghorofa, Routemaster, lililoanza kubeba abiria London mwaka 1956. Yalitengenezwa 2,876, yakaondolewa katika kazi ya kila siku Desemba 2005, na hadi leo wapenzi wake wanayafufua, wanayapiga rangi nyekundu na kuyatembeza barabarani. Basi hilo lilipokuwa kazini lilipelekwa kila baada ya miaka michache kwenye karakana ya Aldenham, bodi ikanyanyuliwa, na lilipotoka huenda lilikuwa limevishwa bodi ya mwenzake na kubaki na namba yake. Na hapana anayesema si lenyewe.

Sisi hatuhitaji kwenda London kujifunza jambo hilo. Jahazi hupandishwa ufukweni kwenye maji ya bamvua, ubao uliooza ukatolewa, mwingine ukachongwa na kutiwa, mianya ikakalafatiwa kwa pamba, tumbo likapakwa shahamu. Baada ya miaka thelathini huenda haukubaki ubao hata mmoja wa siku ya kwanza, na nahodha bado analiita kwa jina lake. Lugha yetu iliuona undugu huu mapema: mti unaoshika mbavu za chombo huitwa taruma, na mti unaoshika reli huitwa taruma vilevile. Fundi wa Pangani anajua kuhifadhi chombo cha safari kuliko kitabu chochote cha makumbusho. Anakihifadhi kwa kukirudisha majini.

Ipo hoja nyingine, na hii naiheshimu: kwamba kuitunza treni ni kumtukuza aliyeileta. Reli ya Tanga ilibeba mkonge, na nyuma ya mkonge walikuwapo manamba, waliotolewa makwao mbali, wakavunwa nguvu zao kwa kipande. Mwenye uchungu huo hakosei. Lakini behewa la daraja la tatu lenye viti vya mbao ndilo litakalomwonyesha mjukuu wa manamba jinsi watu wake walivyosafiri. Boma halitamwonyesha.

Treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi iliporudi Desemba 2019, ilipita Mnyusi na Korogwe bila kuingia Tanga. Kipande kikongwe kuliko vyote, kile cha 1896, kikaachwa pembeni. Kilomita 40 hizo, hadi Muheza, ndizo ningeziomba: mabehewa mawili ya zamani, kichwa chochote kinachotembea, Jumapili moja kwa mwezi. Fedha zitachelewa, najua. Wazee waliofanya kazi stesheni na karakana, wanaojua kila kona na kila filimbi ya njia ile, hawatangoja. Kinasa sauti na daftari vinatosha kuanza nao wiki hii, hata kabla behewa halijapatikana.