Moshi wa Jiko Jipya

Wazungu wa karne ya 19 walisugua majiko yao ya chuma kwa grafiti, ileile iliyomo ndani ya penseli. Rangi za silikoni, zistahimilizo moto mkali, zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Rangi hizo hukomaa kwa moto wa mwanzo: vimiminiko vilivyobaki ndani yake huungua na kutoa moshi wenye harufu kali, ndipo rangi ikakaza. Huanzwa na moto mdogo, madirisha wazi.

Sikuyajua hayo. Jiko jipya la chuo lilipofuka moshi, nilimkaripia mpishi mbele ya wanachuo kwamba ameleta kuni mbichi. Mzee yule alifungua madirisha, asijibu neno. Siku ya tatu moshi ulikoma, kwa kuni zilezile. Sikumwomba radhi.