Udongo wa Manjano na Lawama ya Jembe: Historia ya Uwanda wa Loesi Nchini Uchina

Kaskazini ya Uchina, katika majimbo ya Shaanxi, Shanxi, Gansu na Ningxia, kuna uwanda wa juu uliofunikwa na vumbi lililoletwa na upepo. Eneo lake hukadiriwa kuwa kilomita za mraba 640,000 hivi. Mto Huang He, yaani Mto wa Manjano, hupita katika nchi hiyo na kupata humo rangi yake na jina lake. Kwa muda wa miaka elfu mbili watawala na wataalamu wamejiuliza: ni nani anayeyatia matope maji ya mto? Je, ni maumbile ya udongo wenyewe, ama ni jembe la mkulima? Swali hilo halikuwa la wasomi peke yao, kwani jibu lake liliamua ni nani ahamishwe, ni nani akatazwe kulima, na gharama zimwangukie nani.

1. Asili ya udongo

Loesi ni udongo ambao chembe zake ni ndogo kuliko za mchanga na kubwa kuliko za udongo wa mfinyanzi. Mwanajiografia Mjerumani Ferdinand von Richthofen, aliyesafiri Uchina kati ya 1868 na 1872, alitetea wazo kwamba ni upepo, wala si maji, uliouleta. Baadaye mwanajiolojia Liu Tungsheng (1917-2008) na wenzake walionyesha kwamba tabaka za loesi hupishana na tabaka za udongo mwekundu wa kale. Nyakati za baridi na ukavu, pepo zilimwaga vumbi kutoka majangwani. Nyakati za joto na mvua, majani yaliota na vumbi likageuka udongo wa rutuba. Mpishano huo ulianza miaka milioni 2.6 hivi iliyopita. Mahali pengi unene wa loesi ni kati ya mita 50 na 200.

Udongo huo una tabia mbili zinazopingana. Ukiwa mkavu, husimama wima kama ukuta. Ukilowa, hulegea na kuporomoka. Mvua ya huko ni haba, lakini sehemu yake kubwa huanguka kwa dhoruba katika majira ya joto. Ndivyo maji yalivyochonga maumbo matatu ambayo wenyeji wameyapa majina: yuan, uwanda tambarare uliosalia juu, liang, mgongo mrefu wa ardhi, na mao, kilima cha mviringo. Kati ya maumbo hayo hakuna ila makorongo.

2. Makao ya watu

Udongo laini wenye rutuba uliwavuta wakulima mapema. Katika kijiji cha Banpo, karibu na mji wa Xi'an, zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, watu walikwisha kulima nafaka ndogo za jamii ya uwele. Kwa vile miti ya kujengea ilikuwa adimu, wenyeji walichimba nyumba ndani ya kuta za loesi. Nyumba hizo, ziitwazo yaodong, huwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto.

Lakini ardhi iliyowahifadhi watu ndiyo iliyowazika. Tetemeko la tarehe 23 Januari 1556 katika Shaanxi lahesabiwa kuwa liliua watu 830,000 hivi, wengi wao wakiwa ndani ya nyumba hizo za kuchimbwa. Tarehe 16 Desemba 1920, tetemeko la Haiyuan liliporomosha vilima vizima juu ya vijiji, na waliokufa walipita 200,000.

3. Mabishano juu ya mto

Mnamo mwaka 4, ofisa wa dola ya Han aitwaye Zhang Rong alieleza kwamba matope yalikuwa zaidi ya nusu ya kile ambacho mto ulibeba. Mwaka 69, Wang Jing aliongoza ujenzi mkubwa wa kingo, na karne nyingi zilizofuata zilikuwa za utulivu. Sifa zote akapewa yeye.

Mwaka 1962 mwanahistoria Tan Qixiang (1911-1992) alileta maelezo mengine. Baada ya enzi ya Han, alisema, wafugaji walichukua nafasi ya wakulima katika sehemu kubwa ya uwanda. Mashamba yakarudi kuwa malisho, na majani yakaushika udongo. Kwa hiyo utulivu wa mto ulitoka juu, kwenye malisho, kuliko chini, kwenye kingo.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini ina mpaka wake. Bonde kubwa la kaskazini ya Uchina lilijengwa na matope ya mto huo kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Mkulima hakuanzisha mmomonyoko; aliuharakisha.

4. Majaribio ya zama zetu

Katikati ya karne ya 20, mto ulibeba tani bilioni 1.6 hivi za matope kila mwaka. Bwawa la Sanmenxia, lililojengwa kuanzia 1957, lilikusudiwa kuyazuia. Mtaalamu wa maji Huang Wanli (1911-2001) alipinga, wala hakusikilizwa. Bwawa lilianza kujaa matope mara tu lilipofunga maji mwaka 1960, ikabidi lijengwe upya ili kuyaachilia.

Hatimaye kazi ilipelekwa kwenye miteremko yenyewe, kwa mashamba ya ngazi, kuta za kunasa matope makorongoni, na, kuanzia 1999, mpango wa serikali uliowapa wakulima nafaka na fedha ili waache kulima mahali penye mwinamo mkali. Tangu mwaka 2000 matope yameshuka chini ya tani milioni 300 kwa mwaka. Hata hivyo, mwaka 2016 watafiti walionya kwamba miti na majani yaliyoongezeka yanakaribia kumaliza maji ambayo watu nao wanayahitaji.

5. Hitimisho

Historia ya uwanda wa loesi yaonyesha kwamba upepo na jembe haviwezi kutenganishwa katika hukumu moja. Upepo uliweka udongo dhaifu. Jembe likauvua nguo. Mvua ikamaliza kazi. Kosa la watawala lilikuwa kuutibu mto pale ulipofurika, na kusahau pale ulipopatia matope yake. Walipomgeukia mkulima wa mlimani, wakamlipa badala ya kumlaumu, ndipo maji yalipoanza kutakata.